Dettol inavyowavua rangi askari wa mezani

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Jumapili katika miji mingi ya Uingereza, watu huegesha magari yao kwenye kiwanja, hufungua buti na kuanza kuuza vitu vilivyowachosha nyumbani. Mfanyabiashara wa mitumba kutoka kwetu akifika hapo hajisikii mgeni hata kidogo. Kuna viatu, sahani, redio mbovu na, ukibahatika, bati la biskuti lililojaa vijisanamu vya askari vilivyopakwa rangi ovyo.

Bati kama hilo nililinunua kwa pauni chache, miaka niliyoishi huko kabla ya kurejea nyumbani. Mama aliyeniuzia alisema ni michezo ya mwanawe, ambaye sasa ni mtu mzima na hataki tena kuiona. Rangi ilikuwa nene kama uji uliogandia sufuriani. Huwezi kujua kama uso wa askari una macho au hauna.

Vijisanamu hivyo ni vya mchezo wa vita wa mezani. Wachezaji wawili hupanga majeshi yao, hupima mwendo kwa futi na kuamua nani amekufa kwa kurusha dadu. Si mchezo wa jana: mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za mchezo wa aina hiyo mwaka 1913. Siku hizi kampuni inayojulikana zaidi ni Games Workshop ya Nottingham, iliyoanzia London mwaka 1975. Mchezo wake wa Warhammer ulitoka mwaka 1983. Askari mmoja ana kimo cha kama milimita 28, sawa na pingili ya kidole gumba.

Kwa mtu wa biashara, jambo la kushika ni hili. Kampuni hizo kwa kawaida huuza vijisanamu bila rangi, na mnunuzi hupaka mwenyewe. Kwa hiyo rangi mbaya ni ya mwenye mali wa kwanza, na chini yake kazi ya mchongaji ingalipo, mikunjo ya nguo na vifungo vyote. Wajanja hununua vilivyoharibiwa kwa brashi, huvivua rangi, kisha huviuza au huvipaka upya.

Ila kuvivua ndiko kwenye mtego.

Plastiki, risasi au bati?

Mimi nilidhani rangi ni rangi. Nilichukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikamwaga kwenye bakuli na kutumbukiza askari kumi kwa mpigo. Baada ya nusu saa askari wa chuma walikuwa safi. Wale wa plastiki walikuwa wamegeuka ugali. Nilichota kwa kijiko kilichokuwa kikosi kizima.

Dawa nyingi za kucha zina asetoni, na asetoni huyeyusha plastiki ya vijisanamu hivyo sawasawa na inavyoyeyusha rangi. Haina madhara kwa chuma. Aidha hushika moto upesi mno, kwa hiyo isikaribie jiko la mkaa wala la mafuta ya taa.

Wengine hutumia mafuta ya breki. Fundi yeyote wa gereji anajua kuwa yakidondokea bodi ya gari, rangi hubanduka. Kwa vijisanamu pia hufanya kazi, lakini ni sumu ukiyameza na huwasha ngozi. Kwa maoni yangu hayana sababu ya kuingia ndani ya nyumba yenye watoto, hasa kwa kuwa dawa iliyo bora iko tayari kabatini.

Dawa hiyo ni Dettol, ile ile ya rangi ya kahawia ambayo mama zetu huitia kwenye maji ya kuogea. Wapenzi wa mchezo huu nchini Uingereza wameitumia kwa miaka mingi. Hutumika bila kuchanganywa na maji. Weka vijisanamu kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mimina Dettol hadi vifunikwe, acha usiku na mchana. Nyumba yangu ilinuka kama wodi ya wazazi, na jirani alikuja kuuliza nani kajifungua.

Ukivitoa, vaa glavu na usugue kwa mswaki wa zamani. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkono unataka kukimbilia bombani. Usifanye hivyo. Rangi iliyolainika ikikutana na maji kabla haijatoka yote, hugeuka utomvu unaonata kila mahali na kuingia kwenye kila mkunjo. Chovya mswaki kwenye Dettol, sugua, chovya tena. Rangi ikiisha ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo, na maji mwishoni kabisa.

Chuma kinaweza kukaa humo hata siku kadhaa. Plastiki ichunguze kila baada ya saa chache. Aina ya tatu, iliyo ngumu lakini huvunjika kama kigae, wenyewe huiita rezini. Hiyo jaribu kwanza kwa kimoja usichokihurumia, kwani nyingine hulainika na kupinda.

Sumu iliyo kwenye bati

Jioni moja mtoto wa dada yangu alikuta kijisanamu mezani akakitia mdomoni. Nilimnyang'anya akalia, na nilipokiangalia vizuri nikaona aibu. Kilikuwa kizito kuliko vingine, cheusi-cheusi, na nilipokikwaruza kwenye karatasi nyeupe kikaacha mstari wa kijivu kama penseli. Kilikuwa cha risasi.

Vijisanamu vingi vya chuma vilivyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1990 vina madini hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua. Usikipige msasa kikavu, kwa sababu vumbi lake utalivuta. Kikiwa na ungaunga mweupe, hiyo ni risasi inayooza, na ungaunga huo ni sumu pia. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Chupa na mswaki uliotumia visirudi jikoni tena.

Kwa hiyo ndugu msomaji unayefungua mzigo wa michezo ya mitumba, au unayepakia kontena la kurudi nyumbani, ukikuta askari wadogo wazito usiwatupe kwenye fungu la michezo ya watoto. Watenge.

Tena usikimbilie Dettol kabla ya kutazama chini ya miguu. Ukiona jina Britains, simama. Kampuni hiyo ilianza kutengeneza askari wa risasi wenye tumbo tupu mwaka 1893 jijini London, ikaacha mwaka 1966. Tofauti na wale wa Nottingham, hawa walitoka kiwandani wakiwa wamepakwa rangi tayari, na wakusanyaji wa vitu vya kale hulipia rangi hiyo, hata ikiwa imechubuka. Ukimvua umefuta bei yake. Rangi za zama hizo nazo mara nyingi zilikuwa na risasi, hivyo zisibanduliwe na mtoto.

Katika bati langu hakukuwa na Britains. Kulikuwa na kibeti mmoja mwenye shoka, aliyefunikwa rangi ya bluu kutoka ndevu hadi viatu. Alipotoka kwenye chupa, ndevu zilionekana uzi kwa uzi, na kwenye kijibati kilicho chini ya miguu yake palikuwa na mwaka: 1987. Nilipewa bei iliyozidi ile ya bati zima, nikakataa. Yuko juu ya kabati, ambapo mpwa wangu hafiki.