Wenzo wa bunduki ya Martini-Henry

Wenzo wa Martini-Henry ni mkono wa chuma ulio chini ya bunduki hiyo, nyuma ya kifyatulio, unaofungua na kufunga sehemu ya kutilia risasi. Jeshi la Uingereza liliipokea bunduki hii mwaka 1871. Jina linatokana na Friedrich von Martini wa Uswisi, aliyeboresha mtambo wa Mmarekani Henry Peabody, na Alexander Henry wa Edinburgh, aliyebuni mifereji ya ndani ya mtutu.

Katika Afrika ya Mashariki, askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902, walitumia mwanzoni Martini-Enfield, yenye wenzo uleule lakini mtutu mwembamba zaidi. Upande wa Wajerumani, waliokuwa na boma Bismarckburg (leo Kasanga, mkoani Rukwa), askari wengi walibeba Mauser ya 1871, ambayo hufunguliwa kwa komeo. Kwa hiyo si kila bunduki ya kale ya Ufipa ni Martini.

Wenzo ukishushwa, kizibo cha chuma kilichoshikwa na pini upande wa nyuma huinamisha ncha yake ya mbele. Hapo ganda tupu huchomolewa, na springi iliyomo ndani ya kizibo hukazwa tayari kwa risasi nyingine. Mtambo wenyewe ni imara. Udhaifu ulikuwa kwenye risasi: maganda ya kwanza yalitengenezwa kwa bati jembamba la shaba nyeupe, na mtutu ulipopata moto yaling'ang'ania ndani. Askari alibaki akivuta wenzo bila mafanikio huku adui akikaribia. Baadaye yalitumika maganda imara zaidi, na toleo la Mark IV likapewa wenzo mrefu ili kuongeza nguvu ya kuvuta.

Baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi inayovuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Huoshwa kwa maji ya moto, chuma kikakaushwa kabisa, ndipo kikapakwa mafuta kidogo. Nyuma ya mtutu imezibwa na mtambo, hivyo fimbo ya kusafishia huingizwa kupitia mdomo wa mtutu, na uchafu wote husukumwa kuelekea kwenye kizibo. Uchafu huo unaweza kukwamisha wenzo. Dawa yake ni kushusha wenzo na kuipindua bunduki juu chini, uchafu uanguke nje.

Wenzo uliokwama haugongwi nyundo. Hutiwa mafuta mepesi kwenye pini na kuachwa, hata kwa siku kadhaa. Kabla ya yote mtu huhakikisha kwamba hakuna risasi ndani. Alama ndogo upande wa kulia wa mtambo huonyesha kama springi imekazwa, lakini haionyeshi kama kuna risasi.

Kwenye makumbusho kutu huondolewa kwa uangalifu bila msasa, kwa sababu msasa hufuta mihuri ya kiwanda na mwaka, ambayo kwa Martini imechapwa ubavuni, juu kidogo ya wenzo. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, kama Kipili, unyevu wa masika hurudisha kutu upesi, na mafuta huhitaji kupakwa upya mara kwa mara. Nchini Tanzania umiliki wa silaha husimamiwa na sheria ya 2015, na silaha iliyookotwa hupelekwa polisi.