Joto la Kompyuta Ni Mzigo wa Mfanyakazi



Apitaye Jabe, mjini Bujumbura, huona vibanda vya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Ndani hukaa kijana mmoja, kompyuta ya mitumba iko miguuni pake, na hewa huingia kwa mlango mmoja tu. Ikifika saa nane mchana, jasho lake halitokani na jua peke yake. Kila wati inayoingia katika mtambo ule hutoka ikiwa joto, na umeme wake hulipiwa Regideso.

Joto hilo latoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Prosesa zitokazo kiwandani hazifanani kabisa, basi mtengenezaji huziwekea volti ya ziada ili hata iliyo dhaifu ifanye kazi. Ni kama kujaza mkaa jikoni kuliko chungu kinavyohitaji. Ziada hiyo yaweza kupunguzwa, na mwendo wa kazi ukabaki ule ule.

Tufanye hesabu. Nguvu inayotumika hufuata volti mara volti. Ikishuka kutoka 1.30 hadi 1.17, yaani asilimia 10, matumizi hupungua kwa karibu asilimia 19. Prosesa ya wati 65 hubaki na 53 hivi. Lakini tusidanganyane: si kila prosesa itavumilia kiasi hicho, na kwa kuchapa barua tu akiba ni ndogo. Faida huonekana kazi inapokuwa nzito.

Kwanza futa vumbi kwenye feni. Kisha ingia katika mipangilio ya bayosi, punguza volti kidogo kidogo, 0.025 kila mara, na uipe mashine kazi nzito kwa saa nzima. Ikikwama, rudi hatua moja nyuma. Ikikataa kuwaka, chomoa umeme, toa betri ndogo ya duara kwa dakika chache, nayo itarudia hali yake ya kwanza.

Kompyuta nyingi za ofisi hazina nafasi hiyo. Nyingi za Intel zilifungwa baada ya Desemba 2019, watafiti walipoonyesha kwamba kuchezea volti kwaweza kufichua siri. Kwa hizo, katika Windows weka kikomo cha prosesa kuwa asilimia 99. Mwendo utapungua, na joto pia.

Sasa neno la haki. Volti ndogo haiunguzi prosesa, lakini ikizidi kushushwa mashine huzimika ghafla na kazi hupotea. Kwa hiyo majaribio yafanywe kwa ruhusa ya tajiri, kwa maandishi, nakala za kazi zikiwa zimehifadhiwa. Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa jaribio lililoagizwa. Wala asiambiwe kwamba sasa hahitaji feni yake.

Mashine ikipumzishwa joto, naye anayeiendesha apumzishwe.