Nasaba ya Mimea (3): Ua la Usambara Larudi kwa Nduguze

Wiki iliyopita tuliona jinsi wataalamu wa zamani walivyoipanga mimea kwa kutumia macho: idadi ya petali, umbo la jani, namna tunda linavyopasuka. Leo nachukua mmea mmoja tu, nao ni wa kwetu, ili tuone mahali ambapo macho hayo yalipotea njia.

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, akiiacha barabara na kufuata kijito chenye kivuli, huenda akaukuta umeng'ang'ania mwamba wenye unyevu. Majani yake manene yana vinyweleo na yamejipanga kwa duara. Katikati yao huchipuka maua madogo ya rangi ya urujuani, kila ua likiwa na vifuko vya manjano vya chavua. Huko Ulaya na Marekani mmea huu huuzwa ndani ya vyungu vidogo, ukawekwa dirishani, nao huitwa urujuani wa Afrika. Wengi wanaoumwagilia maji kila wiki hawajui kwamba asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya.

Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, ndiye aliyeupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliuandika katika elimu ya mimea kwa jina Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza, la jenasi, ni kama la ukoo, na hapa limetokana na familia ya ofisa yule. La pili ni la Kigiriki, lenye maana ya maua ya urujuani.

Wakati huo palikuwa na jenasi nyingine iliyotangulia, Streptocarpus, iliyoandikwa na John Lindley mwaka 1828. Maana ya jina hilo ni tunda lililosokotwa, na kweli tunda la mimea hiyo limepindwa kama kamba. Likikauka hujisokotoa na kuziachia mbegu. Tunda la ua la Usambara halikusokotwa. Tena ua lenyewe limefunguka bapa kama kisahani, ilhali maua ya Streptocarpus kwa kawaida yana mrija kama tarumbeta. Kwa tofauti hizo mmea wetu ukakaa katika jenasi yake ya pekee kwa zaidi ya miaka 100.

Dokezo la kwanza kwamba hapo pana kasoro lilitoka ndani ya seli. Mtaalamu hukata ncha ya mzizi unaokua, kwa sababu hapo seli zinagawanyika kwa wingi, akaitia rangi, akaiponda juu ya kioo, akaitazama kwa darubini. Kromosomu huonekana kama vijiti vifupi vinavyohesabika. Streptocarpus ikagawanyika mafungu mawili: fungu moja, lenye spishi nyingi za Afrika Kusini, hesabu yake ya msingi ni 16, la pili, lenye mimea mingi ya shina na majani kadhaa, ni 15. Saintpaulia ilipohesabiwa, seli yake ya kawaida ilikuwa na kromosomu 30, yaani 15 mara mbili. Ililingana na fungu la pili, hali fungu hilo lilikuwa halilingani na mwenzake wa jenasi moja!

Hesabu peke yake haitoshi kuthibitisha undugu, kwani mimea miwili inaweza kufikia idadi moja kwa njia tofauti. Ndiyo maana kazi ya Michael Möller na Quentin Cronk, iliyochapishwa mwaka 1997, ilikuwa na uzito mkubwa. Walisoma kipande kile kile cha DNA katika spishi nyingi, herufi kwa herufi, wakalinganisha mahali zinapotofautiana. Mabadiliko yanayoshirikiwa na mimea michache tu huonyesha kwamba ilirithi kutoka kwa babu mmoja. Matokeo yakawa kwamba Saintpaulia haikusimama kando ya Streptocarpus. Ilikuwa tawi lililochipuka ndani yake, katika lile fungu la 15.

Hapa ndipo kanuni inapobana. Jenasi inatakiwa iwe na babu pamoja na wazao wake wote. Huwezi kuwaandika wajukuu wa mzee mmoja kwa jina la ukoo, kisha ukamtoa mmoja kwa kuwa anavaa kanzu tofauti. Ama Streptocarpus ivunjwe vipande vingi, ama Saintpaulia iingizwe ndani. Mwaka 2015 Kanae Nishii na wenzake walichagua njia ya pili, wakaingiza pia jenasi nyingine ndogo, zikiwemo Linnaeopsis ya milima ya Uluguru na Colpogyne ya Madagaska. Kwa kuwa jina la 1828 lina haki ya utangulizi, ua letu sasa ni Streptocarpus ionanthus. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi. Umbo la ua hubadilika upesi kufuata nyuki wanaolihudumia. Ua bapa lenye vifuko vya chavua vilivyo wazi humfaa nyuki anayevikumbatia na kuvitetemesha hadi chavua imwagike. Umbo hilo linatueleza juu ya nyuki zaidi kuliko juu ya mababu.

Jambo linalonigusa zaidi liko ngazi ya chini, kwenye spishi. B. L. Burtt wa Edinburgh alitambua spishi nyingi za Saintpaulia, takriban 20, akitegemea sana vinyweleo vya majani: virefu au vifupi, vilivyosimama au vilivyolala. DNA ilionyesha kwamba nyingi kati ya hizo zina tofauti ndogo mno, na bustanini huzaliana bila shida. Iain Darbyshire wa Kew, mwaka 2006, alizipunguza hadi 6, nyingine zikawa nususpishi za ionantha. Kisayansi sina pingamizi. Hofu yangu ni kwa wanaopanga fedha za uhifadhi, maana orodha zao huanza na spishi, na nususpishi husahaulika haraka. Mmea wa kilima cha Mbololo huko Taita ulibaki spishi kamili. Ule wa miamba ya Cha Simba, katika kaunti ya Kilifi, ukawa nususpishi, ingawa makao yake ni kipande kidogo cha msitu kilichozungukwa na mashamba. Mizizi yake imeshika ufa wa jiwe, mahali penye udongo wa kiganja kimoja. Miti iliyo juu yake ikikatwa, jua la mchana huufikia mwamba, unyevu hukauka, na mmea hauna pa kuhamia.