Kijana apigaye kwa nguvu, apunguzwe makali?

HAKUNA jambo limkeralo mzazi aketiye kando ya uwanja wa tenisi kama kumwona mwanawe akishindwa na mtoto asiyemzidi kwa lolote.

Chukua mfano wa binti wa miaka 14. Ana nguvu, ana mbio, na mpira akiupiga unalia. Upande wa pili wa wavu yupo mwenzake ambaye kazi yake ni moja tu: kurudisha. Hajaribu maajabu. Anarudisha mpira juu juu, katikati ya uwanja, kisha anangoja. Binti yetu anapiga mpira mmoja, unagusa mstari na watu wanashangilia. Wa pili unanasa kwenye wavu. Wa tatu unatoka nje futi mbili. Baada ya saa moja hivi, kombe linakwenda kwa yule mrudishaji.

Njiani kurudi nyumbani ndipo mashauri yanapoanza. "Si urudishe tu mpira, mama? Kwani lazima kila mpira uuue?" Baba anayelipa karo ya shule, ada ya kocha, nauli na raketi ana haki ya kuuliza. Isitoshe, siku hizi tenisi si mchezo wa kupitisha wakati tu. Iko vijana wa Kenya waliopata masomo katika vyuo vikuu vya Marekani kwa sababu ya raketi. Mtoto akishindwa kila Jumamosi, nani atamwona?

Je, kijana huyu abadilishwe na kufundishwa kucheza kwa usalama?

Kwanza tumpe baba haki yake. Katika tenisi ya watoto, na hata ya watu wazima wanaocheza vilabuni, pointi nyingi haziishi kwa sababu mtu fulani amepiga mpira wa ajabu. Huisha kwa sababu mtu fulani amekosea. Kwa hivyo anayekosea mara chache hushinda mara nyingi. Wavuvi wa pwani wanamjua samaki aitwaye mkizi. Akikasirika, huruka kutoka majini akajitupa mwenyewe ndani ya chombo. Ndiyo maana wahenga wakanena: hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Yule mtoto anayerudisha tu mipira ni mvuvi. Hahitaji nyavu, anangoja mkizi aruke.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni ya leo. Haituambii litakalotokea miaka mitano ijayo.

Vijana wawili wa Marekani

Tazama habari ya Pete Sampras na Michael Chang, Wamarekani waliokua pamoja katika tenisi ya vijana huko California. Sampras alikuwa akipiga bekihendi kwa mikono miwili na kucheza nyuma ya uwanja. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi akabadilishwa. Akaanza kupiga kwa mkono mmoja, kuanzisha mpira kwa nguvu na kuukimbilia wavu, kwa sababu shabaha ilikuwa kushinda Wimbledon siku moja. Matokeo yake? Akaanza kushindwa na vijana aliokuwa akiwashinda.

Chang alikuwa mfupi wa kimo, mwenye mbio, na mwepesi wa kurudisha kila kitu. Mwaka 1989 wawili hao walikutana katika raundi ya pili ya mashindano ya wazi ya Ufaransa. Chang alimlaza Sampras kwa seti tatu za 6-1, 6-1, 6-1. Siku chache baadaye Chang alitwaa taji lenyewe akiwa na miaka 17, na hadi hapo hakuwa ametokea mwanamume mdogo kuliko yeye kushinda taji kuu.

Laiti kesi hii ingeamuliwa siku hiyo, kila mzazi angesema: mwanangu na acheze kama Chang. Lakini mwaka uliofuata, 1990, Sampras alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa na miaka 19. Alipostaafu alikuwa na mataji makuu 14, saba kati yake yakiwa ya Wimbledon. Chang, ambaye alikuwa mchezaji hodari na mwenye moyo wa simba, hakupata taji kuu la pili. Yeye mwenyewe aliona upungufu, na mwaka 1994 akaanza kutumia raketi ndefu kidogo ili aongeze nguvu anapoanzisha mpira.

Sampras naye alilipa gharama. Udongo wa Ufaransa, unaopunguza kasi ya mpira, haukumpa taji hata mara moja. Mtindo wa mashambulizi hauna tiba ya kila ugonjwa.

Nguvu na akili

Hapa mashabiki wa kupiga kwa nguvu wasianze kushangilia. Kwa kila Sampras mmoja wapo vijana wengi waliopiga kwa nguvu wakaishia kuvunja raketi tu.

Andre Agassi alikuwa na mapigo yaliyowatisha watu tangu utotoni, lakini kwa miaka kadhaa alijulikana kama mtu anayeweza kushindwa na yeyote. Mwaka 1994 alianza kufundishwa na Brad Gilbert, mchezaji ambaye hakuwa na mapigo ya kutisha bali alijua kuhesabu. Gilbert hakumgeuza kuwa mrudishaji. Alimfundisha kutotafuta pigo la ajabu kwenye kila mpira, na kumchosha mpinzani mahali panapomuuma. Mwaka huo huo Agassi alishinda mashindano ya Marekani bila hata kuwekwa katika orodha ya wanaopewa nafasi, na mwaka 1995 akawa namba moja duniani.

Mfano mwingine ni Jelena Ostapenko wa Latvia. Mwaka 2017, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 20, alicheza fainali ya Ufaransa dhidi ya Simona Halep wa Romania. Alikuwa nyuma kwa seti moja na gemu tatu kwa bila. Hakupunguza. Siku hiyo alipiga mapigo 54 ya ushindi na kufanya makosa 54 ya kujitakia, akatwaa taji. Mwaka uliofuata, katika mashindano yayo hayo, alitolewa raundi ya kwanza, na taji likamwendea Halep, yule mwenye subira. Msomaji ataona kwamba mkono uliompandisha Ostapenko ndio uliomwangusha.

Usalama ni nini hasa?

Kosa kubwa la wazazi wengi ni kudhani kwamba kucheza kwa usalama ni kupiga polepole. Kijana aliyezoea kupiga kwa nguvu akiambiwa "punguza", mkono hukakamaa, na mpira huenda kwenye wavu vile vile. Usalama uko katika mahali mpira unapoelekezwa, na wakati unaochaguliwa.

Wavu una urefu wa futi 3 katikati, lakini pembeni una futi 3 na inchi 6. Tena, kutoka kona hadi kona uwanja ni mrefu kuliko kunyoosha moja kwa moja, kwa futi nne na nusu hivi. Kwa hivyo kijana anayepiga kwa nguvu zake zote kuelekea kona ya mkabala anavuka wavu mahali palipo chini, na ana nafasi kubwa ya mpira kuangukia ndani. Nguvu ni ile ile, hatari imepungua.

Afundishwe pia kulenga hatua moja ndani ya mstari, si mstari wenyewe. Afundishwe kuuzungusha mpira ili upae juu ya wavu kisha uanguke haraka. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Sampras katika sevu ya pili: aliipiga kwa nguvu, lakini mzunguko uliirudisha ndani. Zaidi ya yote, ajue mpira wa kushambulia. Mpira mfupi uliodunda juu ni wa kupigwa. Mpira mrefu uliomkuta anakimbia, raketi iko nyuma, ni wa kurudishwa ili angoje mwingine.

Mambo haya hayafunzwi kwa wiki mbili. Kijana atashindwa mechi akiyajifunza, na hapo ndipo uvumilivu wa mzazi unapopimwa. Mzazi akihesabu makombe tu, mtoto naye atajifunza kuogopa, na akishaogopa akiwa na miaka 14, kazi ya kumrudishia ujasiri akiwa na miaka 18 ni ngumu mno. Kumfunza subira jasiri ni rahisi kuliko kumfunza ujasiri mwoga.

Kwa hivyo baada ya mechi usiulize, "Kwa nini hukurudisha?" Muulize, "Ule mpira ulioupiga nje, ulikuwa wa kupigwa?" Akijibu, "Hapana, nilikuwa nimechelewa," fahamu kwamba ada ya kocha haijapotea. Akijibu, "Ndiyo, ila nilikosa kidogo," mwache aupige tena Jumamosi ijayo.

Wakenya tumeona jinsi pengo lilivyo dogo. Julai 2022, Angella Okutoyi, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Seti ya mwisho iliamuliwa kwa pointi 11-9. Mechi ikifika hapo, asiyethubutu hushindwa, na anayepiga ovyo hushindwa pia.

Basi, baba, usimnyang'anye bintiyo panga kwa sababu amekata mgomba mmoja usiostahili. Mwonyeshe magugu.