Toleo maalumu la mchezo wa video: dola 200 zinanunua nini?

Kampuni kubwa za michezo ya video zinapokaribia kutoa mchezo mpya, mara nyingi hutangaza pia toleo maalumu kwa ajili ya mashabiki. Nchini Marekani mchezo mpya wa kawaida huuzwa kati ya dola 60 na 80. Toleo maalumu, lenye kisanamu, ramani, kitabu cha picha na mapambo mengine, linaweza kufika dola 200 au hata 300. Je, linastahili fedha hizo?

Tatizo la kwanza ni kwamba masanduku haya huuzwa kwa kuagizwa mapema. Mnunuzi analipia picha, na akichelewa anakuta yamekwisha. Ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa mchezo wa Fallout 76, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwezi Novemba 2018. Toleo lake la dola 200 liliahidi kofia ya askari na mfuko wa turubai. Wanunuzi walipofungua masanduku walikuta mfuko wa nailoni nyepesi. Kampuni kwanza iliwapa fidia ya sarafu za ndani ya mchezo zenye thamani ya dola 5 tu. Baada ya malalamiko mengi ilikubali kushona mifuko ya turubai, ambayo iliwafikia wateja mwaka 2019. Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa umekwishashushwa bei madukani, wiki chache tu baada ya kutoka.

Miaka 11 kabla ya hapo, toleo la dola 130 la mchezo wa Halo 3 lilikuja na kofia ya shujaa Master Chief, lakini ilikuwa ndogo mno kuvaliwa na mtu. Toleo jingine la mchezo huohuo lilikuwa na kasha la bati lililoshindwa kushika diski, na Microsoft ikalazimika kuwabadilishia wateja diski zilizopata mikwaruzo.

Siku hizi hata diski yenyewe inaweza kukosekana. Toleo la dola 200 la God of War Ragnarök mwaka 2022 lilikuwa na kasha la chuma la kuhifadhia diski, lakini ndani hamkuwa na diski, bali namba ya kupakulia mchezo kwenye intaneti. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Starfield ya dola 300 mwaka 2023.

Kwa sisi tunaoishi ughaibuni jambo hili si dogo. Diski ya PlayStation 5 iliyonunuliwa London inachezeka Mombasa, mradi mashine iwe na sehemu ya kuingizia diski. Ukishamaliza unaweza kumpelekea mdogo wako au kuiuza. Namba ikishatumika, inabaki kwenye akaunti moja.

Ni kweli yapo masanduku yanayopanda bei kwa kuwa ni machache. Lakini bei hiyo kwa kawaida hulipwa kwa sanduku ambalo halijafunguliwa, na mwenye nalo hajafaidi chochote kilichomo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma orodha ya vilivyomo, si picha pekee. Hakikisha diski imetajwa. Kisha toa bei ya mchezo wa kawaida na ujiulize: kama kisanamu hicho kingeuzwa peke yake kwa fedha zilizobaki, ungekinunua? Kama hapana, nunua mchezo wa kawaida.