Safari ya Siku Moja Humfunza Mtoto Kulinda Mali Hai

KATIKA pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, karibu na mahali Mto Messalo unapoingia baharini, ipo tarafa iitwayo Quiterajo. Miongoni mwa wenyeji wake wamo Wamwani, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mbele yao kuna bahari yenye matumbawe, kando yao mikoko, na nyuma yao misitu mikavu ya pwani. Katika nchi ya namna hiyo mtu aweza kuondoka alfajiri, akaona msitu, mto na bahari, kisha akarudi nyumbani kabla ya jua kuchwa.

Mwaka 2008 na 2009 wataalamu wa mimea kutoka Msumbiji na Ulaya, wakiwemo wa bustani ya Kew ya Uingereza, waliichunguza misitu ya pwani hiyo, ikiwemo ya Quiterajo. Waliandika zaidi ya aina 700 za mimea, na baadhi yake ilikuwa haijapata kuandikwa na wataalamu mahali popote duniani. Lakini, ndugu msomaji, mtaalamu huja kwa majuma machache na kuondoka. Abakiaye na msitu ni mwenyeji. Yeye ndiye akatae kuni humo, na yeye ndiye ambaye shamba lake huvamiwa na tembo usiku. Msitu utasimama au utaanguka kwa kadiri mwenyeji huyo na watoto wake wanavyoujua na kuuthamini.

VILABU VYA VIJANA

Jambo hilo lilitambuliwa mapema Afrika Mashariki. Mwaka 1968 vilianzishwa nchini Kenya vilabu vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyamapori. Tanzania ilifuata mwaka 1980 kwa kuanzisha vilabu vya Malihai, ambavyo makao yake yako Arusha. Jina lenyewe ni funzo: wanyama na miti ni mali, lakini ni mali iliyo hai, nayo huzaa ikitunzwa na hufa ikipuuzwa.

Pamoja na kupanda miti na kusoma vitabu, wanachama wa vilabu hivyo hufanya ziara katika hifadhi. Wako watoto wengi waliozaliwa karibu na mbuga ambao hawajapata kumwona twiga. Magari ya watalii huwapita kila siku barabarani, nao hubaki wakidhani kwamba hifadhi ni ya wageni. Siku wanapoingizwa humo, dhana hiyo huanza kuondoka.

Mfano mwingine uko Zanzibar, katika kisiwa cha Chumbe chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Baada ya bahari ya upande wa magharibi wa kisiwa hicho kutangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, watoto wa shule wamekuwa wakipelekwa huko kwa ziara za siku moja. Baadhi ya walinzi wa hifadhi hiyo walikuwa wavuvi. Hivyo mtoto huyasikia mambo ya matumbawe kutoka kwa mtu aliyeyafahamu kwanza kwa nyavu na ngalawa.

FUNZO LA KASA

Chukua mfano wa kasa, ambaye hutaga katika kisiwa cha Vamizi, kaskazini ya Quiterajo. Jike hupanda ufukoni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, hulifukia, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi makinda hutoka na kukimbilia maji yanayong'aa. Wakiona taa za nyumba au moto wa kambi huweza kupotea njia na kufa nchi kavu. Wanaosalimika huhitaji miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga, nao hurudi katika pwani walikozaliwa.

Mtoto aliyesimama mbele ya kiota na kuelezwa hayo hahitaji kuhubiriwa sana. Anajua ya kuwa mtu alaye mayai hayo leo, anakula kasa wa miaka 20 ijayo.

AMANI NI SHARTI LA KWANZA

Kwa masikitiko, watoto wa Quiterajo wamenyimwa safari hata ya kwenda katika msitu wao wenyewe. Mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 yaliifikia tarafa hiyo, na mwaka 2020 watu wake wengi walikimbia. Wako waliosafiri kwa majahazi hadi ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Majeshi ya nchi za SADC, wakiwemo askari wa Tanzania, yalikwenda jimboni humo mwaka 2021, na ujumbe huo wa SADC ulimalizika mwaka 2024.

Mtoto anayekulia ukimbizini hatajua jina la mti ambao babu yake aliutumia kuunda mtumbwi. Ujuzi huo hukatika kimya kimya. Kwa hiyo askari alindaye njia ya kijijini analinda pia mapokezi ya elimu kati ya babu na mjukuu.

TUANZE HAPA TULIPO

Familia zilizo kambini na katika nyumba za polisi zaweza kuanzisha klabu ndogo bila gharama kubwa. Walio Mtwara wana hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma. Walio Dar es Salaam wana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na walio Unguja wana Jozani, makao ya kima punju.

Yafaa kuzingatia haya:

Ombeni ruhusa ya wasimamizi mapema, na mpate mwenyeji aujuaye mahali hapo.

Mkienda pwani, ulizeni wavuvi saa za kupwa na kujaa kwa maji. Maji yakianza kujaa, watoto watoke mwambani.

Kila mtoto awe na viatu vya kufunga, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha. Mihogo au viazi vya kuchemsha ni chakula kizuri cha njiani.

Msivunje matumbawe wala kuokota kombe walio hai. Taka zote zirudi nyumbani.

Kila mtoto aandike mambo matatu aliyoyaona, na jioni awasimulie waliobaki nyumbani.

Hilo la mwisho lisipuuzwe. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mtoto asimuliaye leo habari za kasa mbele ya baba na mama yake, kesho hatakubali kwa urahisi kuona kiota kikifukuliwa.