Mjukuu na siri ya babu: Wakanada wanavyosaka majina ya wazee wao

Tarehe 1 Juni 2023 ilikuwa kama sikukuu kwa Wakanada wanaofuatilia nasaba zao. Siku hiyo Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya nchi hiyo, yenye makao yake Ottawa, ilifungua kwa umma sensa ya mwaka 1931, baada ya kufungiwa kabatini kwa miaka 92. Humo mna watu zaidi ya milioni 10, kila mmoja na jina lake, umri wake, dini yake, lugha yake, na mwaka aliohamia kama hakuzaliwa huko. Wakati ule uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kwa hiyo makarani waliuliza pia nani ana kazi na nani hana. Waliuliza hata kama nyumba ina redio.

Karatasi zenyewe hazipo tena. Ziliharibiwa baada ya kupigwa picha kwenye filamu ndogo, na baadhi ya picha hizo zimefifia kiasi kwamba jina la mtu hulioni ila kwa kukisia. Lakini watu walizipokea hivyo hivyo. Kwa mwenye kutafuta, hata nusu ya jina ni mali.

Msomaji ataniuliza sensa ya Kanada inatuhusu nini sisi huku. Nitafika huko. Kwanza nieleze kilichonivutia katika habari hizi, maana si mashine wala intaneti. Ni ugomvi. Kwa miaka mingi Wakanada wamekuwa wakibishana juu ya swali ambalo hata katika vikao vyetu vya ukoo hulizuka pale wosia unaposomwa: maisha ya marehemu ni ya nani? Ni yake mwenyewe, aende nayo kaburini, au ni ya wajukuu zake?

Ugomvi huo ulipamba moto juu ya sensa ya 1911. Makarani wa wakati huo, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Wilfrid Laurier, waliamriwa watunze siri ya wanayoambiwa. Idara ya takwimu ikashikilia kwamba ahadi ni ahadi, na kwamba siri ile haina mwisho. Watafiti wa nasaba, wengi wao wastaafu wenye muda na wenye hasira, wakajibu kwamba siri ya mtu aliyekufa miaka 60 iliyopita haimlindi yeyote. Waliandika barua, wakakusanya sahihi, wakapata mtetezi katika Seneti, mama mmoja aitwaye Lorna Milne, ambaye hakuliachia suala hilo likalala. Mwaka 2005 Bunge likapitisha sheria, na mwezi Julai sensa ya 1911 ikafunguliwa.

Lakini ushindi ule ulikuja na mwiba. Ili kuwaridhisha waliotetea siri, sheria hiyo hiyo ilisema kwamba kuanzia sensa ya 2006 kila mtu aulizwe kama anakubali majibu yake yafunguliwe baada ya miaka 92. Aliyesema hapana, habari zake zimefungwa daima. Aliyeacha kisanduku wazi naye amehesabiwa kuwa amekataa. Mwaka huo waliokubali walizidi nusu kidogo tu. Maana yake ni kwamba mwaka 2098, mjukuu atakayefungua sensa ya 2006 atakuta karibu nusu ya taifa imepotea, wengi wao si kwa kuwa walikuwa na la kuficha, bali kwa sababu siku ile walikuwa na haraka ya kurudisha fomu. Bunge liliona kosa hilo na kulirekebisha mwaka 2017, na kuanzia sensa ya 2021 swali la idhini halipo tena. Hata hivyo, mianya ya 2006, 2011 na 2016 haitazibika.

Hapo mimi nasimama na wajukuu. Sensa si maungamo kwa padri. Kujua kwamba bibi yako alikuwa mfuaji nguo na hakuwa na redio hakumvunjii heshima.

Ila ukisogea kaskazini, kwenye nchi ya barafu, unaona kwa nini wengine hawaamini kalamu ya serikali. Huko wanaishi Wainuit, ambao zamani wageni waliwaita Waeskimo. Mila yao ya majina ingeeleweka mara moja na mzee yeyote wa huku kwetu. Mtoto hupewa jina la ndugu aliyefariki, na jina likihamia kwake, ujamaa nao huhamia. Mama aliyempa binti yake jina la mama yake mzazi anaweza kumwita kitoto hicho “mama”, na ndugu wengine wakamwamkia hivyo hivyo. Sisi tuna neno somo, na tunao akina baba wanaowaita watoto wao wa kiume “baba” kwa sababu hiyo hiyo. Kwa Wainuit jina halikuwa na jinsia wala halikuwa na jina la ukoo nyuma yake.

Maofisa wa serikali hawakuliweza hilo. Hawakujua kuyatamka majina, sembuse kuyaandika. Kuanzia mwaka 1941 wakatoa dawa yao: kila Mwinuit alipewa kisahani kidogo cha kuvaa shingoni, chenye namba. Herufi E ilikuwa ya walioko mashariki, W ya magharibi, kisha tarakimu. Katika majalada ya serikali mtu akawa namba hiyo. Mwanamuziki Lucie Idlout, Mwinuit, aliipa albamu yake jina la namba ya mama yake, E5-770.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliona aibu na kumtuma Mwinuit mwenzao, Abe Okpik, azunguke vijiji vya kaskazini kuwauliza watu wachague majina ya ukoo. Visahani vikaanza kuondoka. Majalada hayakuondoka. Leo kijana wa Nunavut akitaka kujua nyanya yake alilazwa hospitali gani ya kifua kikuu kule kusini, mara nyingi hana budi aanze kwa kuuliza nyumbani, “Bibi alikuwa namba ngapi?”

Picha nazo zilikuwa na kasoro hiyo. Katika hifadhi ya Ottawa zilijaa picha za Wainuit zilizopigwa na wageni, na chini yake maandishi yanasema tu ni mwanamke wa Kieskimo, au mwindaji na mwanawe. Mpiga picha alikuwa na jina, mahali pakawa na jina, hata meli ilikuwa na jina. Mwaka 2002 vijana wa chuo cha Nunavut Sivuniksavut, kilichopo hapo hapo Ottawa, walipewa picha hizo ndani ya kompyuta za kubeba, wakaenda nazo kwa wazee vijijini. Walianza na za Richard Harrington, aliyezunguka huko miaka ya 1940 na 1950. Wazee walizitazama wakaanza kutaja: huyu fulani, huyu dada yake, huyu alikufa njaa ile mwaka ule. Tangu hapo mamia kwa mamia ya watu wamerudishiwa majina yao, na mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa ifikie makabila mengine ya wenyeji. Kati ya yote niliyoyasoma kuhusu hifadhi za nyaraka, hili ndilo lililonigusa zaidi. Hifadhi iliyakubali makosa yake, na badala ya kuwaalika maprofesa ikawaendea mabibi.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi. Tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, watoto wa wenyeji wapatao 150,000 walipelekwa shule za bweni za serikali zilizoendeshwa na makanisa, wakakatazwa lugha zao, wengi wakabadilishwa majina. Baadhi hawakurudi. Kituo cha taifa cha kumbukumbu za shule hizo, kilichopo Winnipeg, kina orodha ya waliokufa huko, na majina yake yamepita 4,000. Kuna familia zilizoliona jina la mtoto wao kwenye orodha hiyo baada ya kuulizia kwa miaka 70. Tume ya ukweli iliyochunguza mambo haya ililazimika kwenda mahakamani ili serikali itoe nyaraka ilizokuwa nazo.

Wakati huo huo, manusura wapatao 38,000 walikuwa wakisimulia faraghani waliyotendewa, ili wapate fidia. Walipigwa, wengine walinajisiwa. Waliahidiwa siri. Baadaye serikali na kituo kile cha Winnipeg vilitaka masimulizi hayo yahifadhiwe, kwa hoja kwamba taifa lisije likasahau. Oktoba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenye kauli ni msimulizi mwenyewe: akipenda, ushuhuda wake uhifadhiwe, asiposema lolote, uharibiwe baada ya miaka 15. Muda huo unakwisha Septemba 2027. Waliofariki bila kuchagua, maneno yao yatakwenda pamoja nao.

Najua mtafiti wa nasaba atashika kichwa. Lakini hapa nawaacha wajukuu na kusimama na babu. Karani wa sensa alikukuta sebuleni kwako. Yule mzee aliyefungua jeraha lake mbele ya hakimu alifungua kwa sharti, na mjukuu hakuwapo wakati wa kuweka sharti hilo.

Nilisema nitafika kwetu. Mwaka juzi msichana mmoja wa Toronto aliniandikia barua pepe. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Jinja, jirani na kwetu, hadi Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Kanada ilipeleka maofisa wake Kampala wakiongozwa na Roger St. Vincent, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imepokea watu wapatao 6,000. Walishukia Montréal, wakalala kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, kisha wakatawanywa katika nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona hata kwenye ramani ya darasani.

Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, kina mkusanyiko maalumu wa habari za safari ile: magazeti ya wakati huo, kumbukumbu za St. Vincent, na masimulizi yaliyorekodiwa ya waliosafiri. Hayo walitoa kwa hiari yao, wakijua yatasikilizwa. Babu wa msichana huyu hakusimulia. Alikuwa akiulizwa juu ya Jinja anaamka kwenda kuwasha televisheni.

Ikabaki serikali. Majina ya waliowasili kabla ya 1936 yako wazi katika hifadhi, lakini ya baada ya hapo yako kwa wizara ya uhamiaji, na kuyaomba ni mpaka uwe raia wa Kanada au uwe ndani ya nchi hiyo. Aidha, kama mhusika hakutoa idhini, sharti awe amekufa miaka 20 iliyopita na uwe na uthibitisho. Babu huyo alifariki mwaka 2009.

Nilimuuliza mama kama anamkumbuka. “Yule Mhindi? Alikuwa akitukopesha hadi pamba zivunwe,” akasema, kisha akanitajia majina ya watoto watatu wa mwenye duka, mkubwa hadi mdogo, na ugonjwa uliomsumbua yule wa kati. Nikayaandika yote. Nikatembea hadi Main Street, nikapiga picha ya paa la mbele la jengo, ambako jina la ukoo wao na mwaka wa kujengwa bado vimechorwa kwenye saruji, juu ya kibao cha duka la simu. Nikamtumia. Alijibu siku hiyo hiyo kwamba jina hilo wao siku hizi wanaliandika kwa herufi nyingine.